Utamu na Ukweli wa Sauti

Jicho lina ukope, na mdomo una midomo miwili ya kuufunga. Sikio halina mlango. Asichotaka mtu kukiona hukifumbia macho, na asichotaka kukisema hukinyamazia. Walakini sauti humwingilia usingizini na katika kilio, imkute radhi au isimkute. Kwa sababu hiyo binadamu ametafuta tangu zamani namna ya kulitawala sikio lake. Alijenga kuta nene, akapanda miti baina ya nyumba na njia, akaweka saa za ngoma na saa za kimya. Katika zama hizi amepata chombo kidogo ambacho hukivaa kichwani au hukitia masikioni, na kwa chombo hicho ameliwekea sikio mlango ambao maumbile hayakuliwekea. Chombo hicho ni hedifoni.

Mnunuzi aingiapo dukani kutafuta hedifoni huulizwa na mwenye duka swali jepesi: husikiliza muziki gani? Akijibu kuwa hupenda muziki wenye ngoma nzito hupewa chombo hiki. Akijibu kuwa hupenda kisomo au taarabu hupewa kile. Shauri hili huonekana kuwa la biashara tu, kama shauri la kupima kiatu mguuni. Lakini mtu akilitazama kwa makini ataona kuwa ndani yake limelala swali la adili. Je, chombo cha kusikilizia chafaa kimfuate msikilizaji, kimpe kila apendacho na kumfichia kila asichokipenda? Au chafaa kiufuate muziki, kimfikishie msikilizaji yaliyofanywa na mwimbaji na wapigaji wake, mazuri kwa mabaya? Upande mmoja ni utamu, na upande mwingine ni ukweli. Ni heri viwili hivi vipatanapo, lakini havipatani kila siku.

Hedifoni haikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa jimbo la Utah katika Marekani, aliziunda hedifoni jikoni mwake, na jeshi la majini la nchi ile likazinunua kwa ajili ya watu wake waliopokea habari za simu ya upepo. Kwa watu wale chombo kilitakiwa kuwa na sifa moja tu, nayo ni uwazi. Habari iliyosikika vibaya iliweza kuzamisha merikebu. Hakuna baharia aliyeuliza kama sauti ile ilikuwa tamu. Aliuliza kama ilikuwa sahihi. Katika mwaka 1937 kiwanda cha Eugen Beyer mjini Berlin kilitoa hedifoni iliyojulikana kwa jina la DT 48, ambayo ilitumika miaka mingi na watu wa redio na wapimaji wa masikio. Hiyo pia ilikuwa zana ya kazi.

Mambo yaligeuka mwaka 1958. John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni ya kusikilizia muziki wa santuri, yenye sauti mbili, moja ya sikio la kulia na moja ya sikio la kushoto. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, kiwanda cha Sennheiser cha Ujerumani kilitoa hedifoni ambayo mgongo wake haukuzibwa, hata hewa ikapita kwa urahisi na muziki ukasikika kama uliomo uwanjani. Kisha tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza mashine ndogo ya kanda iitwayo Walkman, na tangu siku hiyo mtu akaweza kutembea njiani na muziki wake kichwani. Hivyo chombo kilichozaliwa kazini kilihamia katika starehe, na kilipohamia huko kilidaiwa sifa ya pili. Baharia alitaka kweli. Msikilizaji wa muziki alitaka kweli iwe na utamu. Hapo ndipo mashindano yalipoanzia.

Kabla ya kuyaamua mashindano haya ni lazima kujua sauti ni nini. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo tangu 20 hadi 20,000 kwa kila sekunde, na kadiri umri unavyozidi ndivyo mitetemo ya juu inavyopotea. Mitetemo michache huwa sauti nzito, na mitetemo mingi huwa sauti nyembamba. Uzi mnene kuliko yote wa besi kubwa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa fidla hutetema mara 196. Basi kila ala ina makao yake katika ngazi hii ya sauti, na kila aina ya muziki hukaa zaidi katika vidato fulani vya ngazi kuliko vingine.

Taarabu ya Unguja, ile ya kanuni, udi, nai, fidla na dumbaki, hukaa zaidi katikati. Moyo wake ni sauti ya mwimbaji na maneno ya shairi lake. Asiyeyasikia maneno hakuisikia taarabu. Amesikia vyombo tu. Muziki wa dansi na rumba la Kongo hujengwa juu ya magitaa yanayosemezana, moja likiuliza na jingine likijibu, na raha yake yote hupotea kama magitaa yale yamechanganyika yakawa kitu kimoja. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, yadai chombo chepesi kinachoanza na kunyamaza upesi, kwani pigo moja likichelewa kuisha humfunika mwenziwe anayefuata, na muziki wote huwa ngurumo. Kisomo na kaswida huhitaji uwazi wa pumzi na wa herufi. Santuri za zamani zina haja yao peke yake. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na mashine za siku zile hazikuweza kunasa sauti nzito mno wala nyembamba mno kama mashine za siku hizi. Hedifoni inayotia nguvu sauti nyembamba haiongezi kitu katika uimbaji wa Siti, kwa kuwa huko juu hakuna uimbaji ulionaswa. Huongeza mikwaruzo ya sindano tu.

Kwa hiyo wale washikao rai ya kwanza, kwamba chombo na kifuate mapenzi ya mtu, hawakosi hoja. Husema kuwa hedifoni ni kama vazi. Hapana aliye radhi kuvaa kanzu ya mtu mwingine kwa sababu kanzu ile imeshonwa sawasawa. Kanzu hupimwa kwa mwili wa mvaaji. Na masikio ya watu si sawa. Umbo la sikio la nje hugeuza sauti kabla haijafika ndani, na hapana masikio mawili yaliyo na umbo moja. Chombo kimoja kikiwekwa vichwani mwa watu wawili huwa vyombo viwili.

Huongeza hoja ya pili, ambayo ni nzito kuliko ya kwanza. Husema kuwa ukweli unaotafutwa haupo. Muziki ulio katika rekodi umekwisha pita katika mikono mingi. Fundi wa mitambo alichagua mahali pa kuweka maikrofoni, akainua sauti hii na kushusha ile, akakata, akaunga. Msikilizaji anapotaka kusikia kitu chenyewe, yataka kwanza aambiwe kitu chenyewe kiko wapi. Na sikio lenyewe si shahidi mwaminifu. Katika mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi kwa udhaifu kuliko linavyosikia sauti za katikati, na sauti ikizidishwa besi huonekana kuja mbele. Muziki ule ule, katika chombo kile kile, huwa na sura moja usiku ukisikilizwa kwa upole na sura nyingine mchana ukisikilizwa kwa kishindo. Kama sikio hubadili hukumu yake kwa kuzungushwa kitufe kimoja, hoja hii husema, ukweli u wapi? Na abaki utamu.

Hoja hizi zina nguvu, lakini zathibitisha machache kuliko zinavyodai. Kwamba hapana kioo kisicho na dosari hata kidogo si hoja ya kusema kuwa kioo kilichopindika ni sawa na kioo kilichonyoka. Mwanafunzi anakiri kuwa hapana tafsiri inayolingana na asili yake neno kwa neno, lakini hutofautisha mara moja baina ya mfasiri aliyejitahidi na mfasiri aliyeongeza mambo yake. Fundi aliyekaa na rekodi alichagua, ni kweli. Lakini uchaguzi wake ni sehemu ya kazi, kama uchaguzi wa mpigaji kupiga kwa nguvu au kwa ulaini. Hedifoni inayotia besi katika kila wimbo haikuchagua kitu. Haiujui wimbo. Ni kama mpishi anayetia pilipili katika kila chungu, cha mchuzi na cha uji: wapenda pilipili watamsifu, lakini hawatajua kamwe ladha ya uji.

Msomaji na afikiri mfano huu. Katika mtaa mmoja wa Unguja yupo mzee aliyepiga fidla ya taarabu ujanani mwake, na sasa mikono imemlegea. Mpwa wake, kijana mwenye heshima, ameipata kanda ya zamani ambayo mjomba wake alipiga ndani yake pamoja na wenziwe, akaihamishia katika simu, akamnunulia mzee hedifoni ili aisikilize kwa raha. Kijana mwenyewe ni mpenzi wa ngoma nzito, akachagua hedifoni kwa kipimo cha masikio yake. Mzee akavishwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaivua.

"Vipi, mjomba, ni tamu?" akauliza kijana.

"Ni tamu, mwanangu. Lakini mimi simo."

"Humo vipi, mjomba?"

"Dumbaki nalisikia, na besi inanguruma. Mwimbaji kama aliyefunikwa kitambaa mdomoni. Fidla yangu siioni ilipo."

Kijana akasikitika. Akaenda dukani, akabadilisha, akaleta hedifoni ya kawaida isiyo na mapambo, ambayo fundi mmoja wa redio alimshauria. Mzee akavaa tena. Safari hii alinyamaza kitambo baada ya wimbo kwisha, na kijana akadhani hakupendezwa.

"Pale katika ubeti wa tatu," akasema mzee, "fidla imeingia kabla ya wakati wake. Udi uko mahali pake. Siku ile tuligombana. Nilimwambia mwenzangu wa udi kuwa yeye ndiye aliyechelewa, akatuvuruga. Naye hakunijibu kitu."

"Basi, mjomba, nitakutafutia nyingine, isiyoonyesha kosa."

"Usitafute, mwanangu. Yule mwenzangu amekwisha kufa, na mimi nilikuwa nikimlaumu mpaka leo. Kesho nipeleke kwa watoto wake."

Hedifoni ya kwanza ilikuwa zawadi, na ya pili ilikuwa zawadi. Ya kwanza ilitoa utamu na kumwondoa mzee katika kazi yake mwenyewe. Ya pili ilimtia uchungu, lakini ilimrudisha ndani ya kazi ile, na pamoja naye ikamrudisha rafiki aliyedhulumiwa kwa neno. Atakayeulizwa ni ipi iliyo bora hatajibu kwa kipimo cha utamu peke yake. Wala hatasema kuwa ukweli ni bora kwa sababu tu ni ukweli. Ataona kuwa nyuma ya kila sauti yupo mtu, na mtu huyo ana haki ya kusikiwa. Mpiga udi alifanya kazi yake kwa wakati wake. Chombo kilichomfunika kilimnyima haki yake, ingawa hakikuwa na nia. Chombo hakina nia. Nia ni ya mwenye kukichagua, na ndiyo maana kukichagua ni jambo la adili.

Hapa lapaswa kutengwa jambo ambalo wengi hulichanganya. Kuchagua hedifoni inayolingana na muziki si sawa na kuchagua hedifoni inayolingana na tamaa. Mtu asemapo, "Mimi husikiliza taarabu, kwa hiyo nataka chombo kinachosikilizisha maneno," ameutumikia muziki. Ameuliza kwanza muziki una nini, kisha akatafuta chombo cha kukifikisha kile kilichomo. Mtu asemapo, "Mimi napenda besi, kwa hiyo nataka chombo kitakachotia besi katika kila nikisikilizacho," huyo ameutumikisha muziki. Kwa nje watu hawa wawili hufanana: wote huchagua, wote hulipa, wote hufurahi. Kwa ndani mmoja ni mgeni anayeuliza desturi za nyumba aliyoingia, na mwingine ni mgeni anayehamisha viti.

Yamkini mtu akauliza: kama mtu hupenda muziki wa namna moja tu, na muziki huo una besi nyingi, hatari iko wapi? Hatari si katika wimbo anaousikiliza leo. Hatari ni katika wimbo ambao hataweza kuusikia kesho. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya pendo moja hufunga milango ya mapenzi mengine. Kijana mwenye chombo cha ngoma akikutana siku moja na nai, ataiona dhaifu, ataipita. Atasema kuwa nai haina kitu, kumbe ni chombo chake kisichokuwa na mahali pa kuiweka. Aghalabu mtu hudhani kuwa amehukumu kitu, kumbe amehukumu dirisha alilokitazamia.

Ipo habari njema katika jambo hili, nayo ni kuwa utamu na ukweli havikai mbali kama watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2012 mtafiti wa sauti Sean Olive na wenziwe wa Marekani walifanya majaribio ya kuwasikilizisha watu hedifoni za namna mbalimbali bila kuwajulisha ni ya kiwanda gani. Katika jaribio moja, lililotolewa mwaka 2014, walikuwamo wasikilizaji wa Marekani, Canada, Ujerumani na China, vijana kwa wazee, wazoefu na wasio wazoefu. Walio wengi walipendelea hedifoni ambayo sauti yake hukaribia sauti ya spika nzuri iliyowekwa katika chumba kizuri. Hawakupendelea besi iliyopita kiasi, wala sauti nyembamba zinazochoma. Maana yake ni kuwa, jina la kiwanda likiondolewa na pambo likiondolewa, sikio la kawaida hupenda insafu. Wapo wanaotaka besi izidi na wapo wanaotaka ipungue, na hao si wakosaji. Lakini wote husimama kandokando ya njia moja.

Habari ya pili yamhusu maskini. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alitoa matokeo ya upimaji wa hedifoni 283, akaonyesha kuwa namna zinavyotoa sauti nzito na nyembamba haifuatani na bei yake. Ghali hazikuwa sawasawa kuliko rahisi kwa sababu ya kuwa ghali. Bei huweza kununua ngozi laini, waya imara na jina kubwa. Haiwezi peke yake kununua uaminifu. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo hana sababu ya kudhani kuwa amefungiwa mlango wa muziki, na tajiri hana sababu ya kudhani kuwa amefunguliwa. Wote wawili wana wajibu mmoja wa kusikiliza kabla ya kuamua.

Mpaka hapa maneno yamekuwa juu ya haki ya muziki na ya waliouimba. Zimebaki haki mbili: haki ya sikio na haki ya jirani.

Sikio ni amana. Ndani yake mna seli ndogo zenye vinyweleo, na seli hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Shirika hilo hukadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Basi mtu asidhani kuwa uchaguzi wa chombo hauhusiani na jambo hili. Hedifoni isiyokaa vizuri sikioni huvujisha besi, na msikilizaji anayeikosa besi huongeza sauti ili aipate, kama walivyoonyesha Fletcher na Munson kuwa sauti ikikua besi huja. Kadhalika mwenye hedifoni ya mgongo wazi akiwa ndani ya daladala huongeza sauti ili kushindana na injini na makelele ya kondakta. Mwenye hedifoni iliyozibwa huweza kusikiliza kwa upole mahali pale pale. Ile ya mgongo wazi ni njema chumbani, usiku, mwenyewe akiwa ametulia. Kwa hiyo mahali pa kusikilizia hushiriki katika uchaguzi kama muziki unavyoshiriki. Anayeutafuta utamu kwa kuliangamiza sikio ni kama anayeutikisa mwembe kwa kuukata shina: maembe ya mwaka huu atayapata.

Haki ya jirani ina nyuso mbili. Uso wa kwanza humsifu mwenye hedifoni. Huyo hamlazimishi mgonjwa wa chumba cha pili kusikiliza singeli usiku wa manane, wala hamnyimi mwenziwe anayesoma utulivu wa mtihani. Katika bweni la chuo, ambamo watu wanne hulala chumba kimoja na kila mmoja ana mapenzi yake, hedifoni ni chombo cha amani. Uso wa pili humlaumu. Kwa kuwa amelifunga sikio kwa wasiohusika, huweza kulifunga kwa wanaohusika pia. Mama humwita mara tatu. Pikipiki hupiga honi nyuma yake. Mwenziwe humweleza msiba, naye huitika kwa kichwa bila kusikia.

Watengenezaji wa Walkman waliiona hatari hii mapema. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, aliona kuwa ni utovu wa adabu mtu mmoja kusikiliza peke yake mbele ya wengine. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya mwaka 1979 ilipewa matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili washirikiane, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili waweze kusemezana. Lakini Morita mwenyewe aliandika kuwa wanunuzi walikiona chombo kile kuwa ni cha mtu binafsi, na baadaye matundu hayo mawili yaliondoshwa. Jambo hili lafaa kutafakariwa. Mashine ilimpa binadamu nafasi ya kuwa wawili, naye akachagua kuwa mmoja.

Si haki kumlaumu kupita kiasi. Binadamu huhitaji saa ya upweke kama anavyohitaji saa ya baraza, na wapo waliopona huzuni kwa wimbo mmoja waliousikiliza peke yao. Lakini muziki mwingi haukuzaliwa kwa upweke. Taarabu huimbwa barazani na harusini. Mwimbaji humtazama msikilizaji, na msikilizaji huinuka akaenda kumtuza, na pengine fumbo la shairi humlenga mtu aliyeketi pale pale, naye hujua, na wenziwe hujua kuwa anajua. Hapana hedifoni iwezayo kubeba mambo hayo, iwe ya besi au ya uwazi, iwe ghali au rahisi. Hedifoni iliyo bora kuliko zote huleta sauti ya taarabu. Taarabu yenyewe hubaki kule ilikofanyika. Na mwenye kulijua hilo hataidai hedifoni yake kitu ambacho haina.

Hukumu ya mashindano yaliyotajwa mwanzoni, basi, si kumfukuza utamu wala kumfukuza ukweli. Utamu una haki ya kuwapo, kwa sababu muziki usiopendeza hausikilizwi, na usiosikilizwa hauna ukweli wa kumfikishia mtu. Lakini ukweli una haki ya kutangulia. Anayechagua na auanze uchaguzi wake kwa kuujua muziki: nini kilicho moyo wake, ni sauti ya mtu, au mazungumzo ya magitaa, au mwendo wa ngoma. Na achukue wimbo anaoujua kwa miaka, pamoja na dosari zake, akaujaribu katika kila chombo kwa sauti ya chini. Chombo kitakachomwonyesha katika wimbo ule mtu ambaye hakupata kumsikia kabla, hicho na akiweke mbele. Chombo kitakachomficha mtu aliyekuwa akimsikia, hicho na akiache, hata kikimpendeza. Kisha na asikilize wimbo mmoja asioupenda, ili ajue kama chombo kile huweza kumfanyia insafu mgeni pia. Akiisha kununua, na awe mwepesi wa kukivua aitwapo.

Mambo haya ni madogo, na hedifoni ni kitu kidogo. Lakini desturi ya moyo hufanywa na vitu vidogo vinavyorudiwa kila siku. Mtu aliyezoea kuchagua chombo kinachompa sauti azipendazo tu hukuta siku moja kuwa amechagua marafiki kwa kipimo hicho, na magazeti kwa kipimo hicho, na walimu kwa kipimo hicho. Kila akisikilizacho ni kitamu, na hapana neno jipya linalomfikia. Naye aliyezoea kuvumilia kumsikia mpiga udi mahali pake, hata katika ubeti unaomwaibisha, ataweza pia kumsikia mshitaki wake, na mtoto wake, na mpinzani wake katika baraza. Mzee wa Unguja alikwenda kwa watoto wa rafiki yake kwa sababu ya sauti moja ya udi iliyosikika sawasawa. Alikuwa amechelewa miaka mingi, lakini alikwenda.